Matatizo ya dunia yanapita kwenye banio letu

Vijana wa chama chetu cha watumia maji hapa Mbarali huniuliza tuanzie wapi. Tabianchi imebadilika, mbolea imepanda, umeme unakatika, wafugaji na wakulima wanagombana. Ninawajibu: anzieni kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Hayo yote ni makubwa, ila pale ndipo yanapokutana na ndipo mkono wenu unapofika.

Fuata maji uone. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali inashuka kutoka milimani hadi bonde la Usangu, inalisha majaruba ya mpunga na ardhi oevu ya Ihefu, kisha Ruaha Mkuu unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu yenye megawati 204. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo lango la banio lililoachwa wazi usiku kucha huku juu ni jambo la kitaifa, hata kama mwenye jaruba amelala zake.

Ushauri wangu wa kwanza: kiwango mnachojiwekea kiwe kitu kinachoonekana kwa macho. "Tutunze vyanzo vya maji" ni maneno ya bango tu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Chukueni kamba, pimeni pamoja, pigeni vigingi. Hapo ubishi unapungua, maana kila mtu anakiona kigingi.

Tena anzeni na viongozi. Mzee mmoja wa kwetu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kabla hujanionyesha kigingi changu, nionyeshe cha mwenyekiti." Alikuwa na haki. Shamba la mwenyekiti likipimwa mbele ya watu, wengine hufuata bila kuitiwa mgambo.

Kuhusu milingoti (mikaratusi), miti inayokunywa maji mengi, iliyo karibu na chemchemi, nendeni taratibu. Ile ni ada ya shule ya watoto wa mtu. Mwenye miti akubaliane nanyi kwamba akishavuna hataacha visiki vichipue tena, na pale mpande miti ya asili inayotunza maji. Amri ya kukata leo hii huzaa uadui, na mtu mwenye uadui hufungulia maji gizani.

Linalonipa matumaini zaidi ni kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagascar. Unahamisha miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na jaruba unalilowesha na kulikausha kwa zamu badala ya kulijaza maji muda wote. Maji yanabaki mtoni. Udongo ukipata hewa, gesi ya methani inayopasha dunia joto inapungua. Na jaruba lililosawazishwa vizuri halipotezi mbolea ya urea ovyo. Hilo tulilielewa kwa uchungu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipochangia kupandisha bei ya mbolea, hadi Serikali ikazindua ruzuku siku ya Nane Nane hapa Mbeya. Ruzuku ilisaidia sana, lakini mbolea inayosombwa na maji ni hasara hata ikiwa ya ruzuku. Kubalini kazi moja tu, kusawazisha jaruba, nayo itagusa mfuko, mto na hewa.

Mkipanga zamu za maji, waiteni watumia maji wa chini ya mto na wafugaji tangu kikao cha kwanza, kabla hamjaandika chochote. Na daftari la saa za kufungua na kufunga lango lisilale nyumbani kwa katibu. Likae pale pale banioni, ndani ya kisanduku kisicho na kufuli, ili yeyote anayepita alisome.