Autojairo katika mchezo wa Kerbal Space Program: rota izungushwe na hewa

Aliyezoea kuunda helikopta kwa vipande vya Breaking Ground, nyongeza ya mchezo huo, huharibu autojairo yake ya kwanza kwa kuipa rota (kitovu chenye panga zinazozunguka) nguvu ya mota. Hapa kazi ya kusukuma chombo ni ya injini nyingine. Rota iko huru, imelazwa nyuma kidogo; hewa inapita kati ya panga zake kutoka chini kwenda juu, na hiyo ndiyo inayoizungusha.

Kwa chombo chepesi, rota ndogo ya EM-16 yenye panga 4 za helikopta na injini moja ndogo ya jeti ya Juno mkiani vinatosha. Ilaze rota nyuma nyuzi 5 hadi 10. Ukishika Shift karakanani, kila mbonyezo wa kitufe cha kugeuza kipande ni nyuzi 5. Breki yake iwe sifuri. Kagua pia kundi la breki za magurudumu, maana rota ikiwa humo utaisimamisha bila kujua unapofunga breki.

Panga zilizosimama haziamki kwa urahisi, kwani hewa inazipiga kwa pembe kubwa mno. Weka swichi ya mota kwenye kitufe cha 1, izungushe rota ukiwa bado ardhini, kisha kata mota unapoanza kukimbia kwenye njia ya kurukia.

Pembe ya panga, yaani jinsi inavyoinamishwa kwenye rota, ndiyo inayowashinda wengi. Anza na 0, na usivuke nyuzi 2 au 3. Hewa inapopanda, mnyanyuko (nguvu ya hewa inayoinua) wa kila panga huegemea mbele kidogo, upande inakozungukia, na kuivuta. Ukiongeza pembe, ukinzani unaushinda mvuto huo. Panga ikipungua kasi, hewa huipiga kwa pembe kubwa zaidi, mnyanyuko unakatika, na rota haijirudi tena. Helikopta ingekusamehe kwa sababu mota inaendelea kusukuma. Hapa hakuna wa kukuokoa.

Chombo kikipinduka ubavu kila kinaposhika mwendo, usikimbilie kurekebisha mabawa. Rota yenye nusu-kipenyo cha mita 3 ikizunguka mara 300 kwa dakika, ncha zake huenda mita 94 kwa sekunde. Ukiruka kwa mita 40 kwa sekunde, ncha inayokwenda mbele inakutana na hewa ya 134, inayorudi nyuma 54 tu, na mnyanyuko hufuata mraba wa kasi: tofauti ya zaidi ya mara 6 kati ya pande mbili za rota, na ndiyo inayokipindua. Mhandisi wa Uhispania Juan de la Cierva alilitatua tatizo hili kwa kuzifunga panga kwa bawaba, na autojairo yake ya C.4 ikaruka Uhispania mwaka 1923. Kwenye mchezo bawaba hutikisika vibaya. Badala yake, funga rota mbili ubavuni zinazozunguka kinyume, na uhakikishe ukingo wa mbele wa kila panga unatazama inakozungukia.

Msukumo wa Juno upite kwenye kitovu cha uzito. Ukipita juu yake, pua inasukumwa chini, rota inakosa hewa ya kupanda na kupoteza mzunguko.

Wakati wa majaribio zima magurudumu ya mwitiko (vifaa vya ndani vinavyogeuza chombo bila kutegemea hewa), maana yanaficha karibu kasoro zote hizi. Panda mita 500, zima injini, shuka ukitazama mzunguko wa rota. Mzunguko ukipungua mfululizo, punguza pembe ya panga nusu nyuzi, urudie.