Kabla hujanunua modeli ya Class 37: ushauri kwa wanaoanza kukusanya dizeli za Uingereza

Wengi wanaoanza huuliza bei kwanza, kisha rangi. Swali la kuanza nalo ni jingine: modeli hii ni ya kichwa kipi cha treni, na ni kichwa hicho katika miaka ipi? Modeli nzuri ya dizeli ya Uingereza haiwakilishi aina tu. Inawakilisha namba moja katika kipindi kimoja cha maisha yake. Ukilijua hilo utatambua modeli iliyotengenezwa kwa uangalifu, na utaiona haraka ile iliyopakwa rangi tu ili iuzwe.

Tuchukue Class 37, kwa kuwa ndiyo wageni wengi huanza nayo na ndiyo inayowachanganya zaidi. English Electric ilijenga vichwa 309 vya aina hii kati ya 1960 na 1965, kila kimoja kikiwa na nguvu ya farasi 1,750 na bogi mbili (fremu za magurudumu chini ya kichwa) zenye ekseli tatu tatu, zote zikisukumwa na mota. (Kampuni hiyohiyo iliijengea Reli ya Afrika Mashariki dizeli mwanzoni mwa miaka ya 1960, ila zile ni za reli ya mita moja na zina ekseli ya ziada isiyo na mota mbele ya kila bogi. Usitafute sura zake kwenye Class 37.)

Vichwa vyote 309 havifanani usoni. Namba D6700 hadi D6818 zilikuwa na milango katikati ya pua, kwa hiyo alama nne za kutambulisha treni (tarakimu tatu na herufi moja) ziligawanywa: mbili kushoto, mbili kulia, kila jozi kwenye kisanduku chake. Kuanzia D6819 milango iliachwa na alama zote nne zikakaa katika kisanduku kimoja katikati. Ukikuta modeli yenye namba D6750 na kisanduku kimoja katikati, mtengenezaji amekosea, au mtu amebadilisha namba nyumbani.

Rangi na namba husomwa pamoja. Kijani chenye namba inayoanza na D, bila njano usoni, ni mwanzo kabisa wa miaka ya 1960. Kipande kidogo cha njano kiliongezwa baadaye kidogo ili wafanyakazi wa njiani waione treni mapema, kisha uso wote ukawa wa njano. Bluu ya British Rail, shirika la reli la Uingereza la wakati huo, ilitangazwa 1965, lakini vichwa vilichukua miaka kupakwa, ndiyo maana kuna picha halisi za kijani chenye uso wa njano mzima. Herufi D ilianza kuachwa baada ya injini za mvuke kuondolewa katika huduma za kawaida Agosti 1968. Namba za tarakimu tano, kama 37 026, zilienea mwaka 1973 na 1974.

Halafu kuna alama ambayo wengi huipita: tarakimu na herufi za usoni ziliacha kuonyesha treni husika Januari 1976. Baada ya hapo vichwa vingi viliachwa vikionyesha 0000, au kisanduku kikazibwa na kubakiziwa nukta mbili nyeupe. Kwa hiyo modeli ya bluu yenye nukta hizo haiwezi kuwa ya 1974, hata kama boksi limeandikwa hivyo. Jihadhari pia na vichwa vilivyorudishiwa kijani miongo kadhaa baadaye. Hivyo hutambulika kwa taa moja kubwa ya mbele ambayo havikuzaliwa nayo. Kabla ya kulipa, tafuta angalau picha mbili za kichwa chenye namba hiyohiyo, zenye tarehe, moja ya kila upande, kwa sababu mapezi ya radieta na milango ya hewa hayafanani pande zote mbili.

Kuhusu vipimo, Waingereza wana utaratibu wao. Kipimo cha OO ni 1:76, yaani milimita 4 kwa kila futi moja. Class 37 halisi ina futi 61 na inchi 6, hivyo modeli yake lazima iwe na takriban milimita 246 kati ya ncha za bafa (vipokea mgongano vya mbele na nyuma). Pima. Lakini reli ya OO ina upana wa milimita 16.5, ambao ni wa kipimo cha HO, 1:87. Kwa usahihi ingepaswa kuwa 18.83. Chanzo ni cha zamani: treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za enzi zile hazikuingia ndani ya bodi ya HO. Kwa hiyo Class 37 ya OO itatembea kwenye reli moja na modeli za Kijerumani za HO, lakini ukiziweka bega kwa bega ya Uingereza itaonekana kubwa kuliko inavyostahili. Nafasi ikiwa finyu, kuna kipimo cha N cha Uingereza, 1:148, kwenye reli ya milimita 9.

Siku ya kufungua boksi, tandika taulo mezani kwanza. Vipande vidogo hudondoka, na kwenye taulo havirukiruki. Shika modeli chini ya tenki la mafuta, usiibane pembeni kwenye mapezi na vishikio. Geuza taratibu na usikilize: kitu kinachogonga ndani huwa ni skrubu iliyolegea au uzito uliobanduka. Hakikisha kila gurudumu linagusa reli. Kisha pima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya kila ekseli: iwe milimita 14.4 hadi 14.5. Ikiwa pungufu, kichwa kitarukaruka kwenye swichi, mahali njia zinapogawanyika, na utailaumu reli bure. Zungusha gurudumu polepole huku ukilivuta hadi lifike.

Usiweke dikoda bado, yaani kisakiti kinachopokea amri za kidijitali za kukiendesha kichwa. Jaribu kwanza kwa umeme wa kawaida wa volti 12 DC, kipande cha mbadala kinachoshika nafasi ya dikoda kikiwa kwenye soketi yake. Kiendeshe kichwa nusu saa mbele na nusu saa nyuma kwa mwendo wa wastani bila behewa, ili grisi isambae kwenye gia. Kikipita salama hapo ndipo uweke dikoda. Modeli mpya nyingi zina soketi ya pini 21, za miaka ya nyuma kidogo zina pini 8. Hesabu kabla ya kuagiza. Anwani ya dikoda mpya, yaani namba ya kuiitia, kwa kawaida ni 3. Kiweke kichwa kwenye reli ya kuprogramu (ya kupangia mipangilio ya dikoda) kwanza, kwa sababu reli hiyo hupeleka mkondo mdogo: kama waya umegusana mahali, utapata ujumbe wa hitilafu badala ya moshi. Dikoda nyingi huungua kwa sababu mtu alifunga bodi juu ya waya uliobanwa. Kontrola za Uingereza hutumia umeme wa volti 230 na plagi ya pini tatu za bapa, kama tulizo nazo Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo transfoma ya kubadilisha haihitajiki.

Kona ndizo zinazowaumiza wengi. Class 37 ya kisasa huhitaji kona yenye nusu kipenyo cha milimita 438 au zaidi. Ile ya milimita 371 inayokuja na seti za watoto haitoshi. Na ukibandika mabomba yote ya breki yaliyo kwenye kifuko cha vipande vya ziada, kiungio cha ndoano hakitapata nafasi ya kugeuka. Suluhisho ni kuvalisha upande mmoja kikamilifu na kuacha kiungio upande wa pili. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu huo ni mgumu kutoa.

Oili: tone linaloning'inia kwenye ncha ya pini linatosha ekseli moja. Zaidi ya hapo itafika kwenye magurudumu, ivute vumbi, na umeme ukatike. Hakikisha chupa imeandikwa kuwa haidhuru plastiki. Magurudumu yasafishwe kwa alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya reli.

Kwa modeli ya mitumba, ugonjwa wa kuogopwa ni aloi ya zinki kuoza. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa huvimba baada ya miaka, hupasuka, kisha humeguka kama biskuti. Dalili ni bodi iliyopinda kama ndizi, vioo vya madirisha visivyokaa sawa, au nyufa nyembamba kwenye chasisi. Hakuna dawa, ila kubadilisha chasisi nzima. Omba picha ya chini, bodi ikiwa imevuliwa. Muuzaji akikataa, achana naye.

Boksi, karatasi ya maelekezo na cheti cha toleo maalumu vitunze, maana vikikosekana bei hushuka. Ila sponji za zamani zitoe: hulainika, hunata na kung'oa rangi. Funga modeli kwa karatasi laini isiyo na asidi. Mombasa, Tanga, Zanzibar au Muscat, ambako hewa ina chumvi na unyevu, weka pakiti za silika kwenye kabati na uzikaushe zikibadilika rangi. Jua la dirishani hufifisha rangi, na njano ya usoni nayo haitabaki salama. Kila baada ya miezi mitatu toa kichwa, ukiendeshe dakika kumi kila upande, ili grisi isigande ndani ya gia.