Dakika 90 zikiisha bila mbabe

*Kwenye kibanda umiza hapa Ngarenaro tumebishana mpaka mechi ikatupita. Shemeji anasema dakika za nyongeza ni zile nne au tano za kwenye kibao, mimi nasema ni nusu saa.*

Neno moja mnalitumia kwa vitu viwili. Za kwenye kibao hufidia muda uliopotea kwa majeruhi na mabadiliko, na hutolewa hata kwenye mechi ya ligi. Nusu saa ni vipindi viwili vya dakika 15, sarafu hurushwa upya, na huchezwa tu pale mshindi lazima apatikane. Nayo ina fidia yake.

*Timu ikifunga ndani ya hiyo nusu saa, si mpira umeisha?*

Zamani ndiyo. Lilikuwa bao la dhahabu. Senegal walilionja pande zote mbili Kombe la Dunia 2002: waliitoa Sweden kwa bao hilo, kisha wakatolewa na Uturuki kwa lilelile. Siku hizi dakika zote 30 huchezwa, na mimi nafurahi. Waliokuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania 2022, wanajua kwa nini: Sopu wa Coastal Union alipiga mabao matatu peke yake, Yanga wakakataa kufa, 3-3 hadi dakika ya 120, ndipo Yanga wakashinda kwa matuta, yaani penalti, 4-1. Jiji hili halijasahau.

*Mbona Simba na Wydad ya Morocco 2023 walikwenda moja kwa moja kwenye matuta?*

Kanuni za kila shindano ndizo huamua. Simba walishinda 1-0 Dar, wakafungwa 1-0 Casablanca, na robo fainali ile ya Ligi ya Mabingwa Afrika haikuwa na nusu saa ya ziada. Matuta, 4-3, safari ikaishia hapo. Yanga wakakutwa na hayohayo kwa Sundowns ya Afrika Kusini 2024. Inaniuma mpaka leo: timu iliyopambana dakika 180 ilistahili nafasi ya kumalizia kwa mpira.

*Mwenye kadi ya njano anaanza upya?*

Kwenye nusu saa, hapana. Akipata ya pili anatoka. Kwenye matuta, njano za mchezoni hazihesabiwi.

*Niko Majengo, Moshi. Timu yangu ilishinda dakika ya 110 lakini mkeka umechanika. Nimeibiwa?*

Hujaibiwa, ndugu yangu. Ukibeti mshindi wa mechi, kwa kawaida huhesabiwa dakika 90 na fidia yake. Kwenye mkeka wako ile ilikuwa sare. Aliyechagua "kufuzu" ndiye aliyelipwa.