Jibu: Je, sherehe za Wahmong ni "soko la wachumba"?

Ndugu, umeuliza kama Wahmong, watu wa milimani kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, kweli huuza wachumba sokoni. Hapana. Wakati wa Mwaka Mpya wao, huko Laos, Vietnam, hata Fresno kule Marekani, vijana wanaotafuta wachumba husimama safu mbili wakirushiana mpira, zamani wa kitambaa. Anayeuangusha hutoa pambo au huimba. Wa ukoo mmoja hawachumbiani. Ni mwiko mzito.

Jina la "soko la mapenzi" pale Sa Pa, mji wa milimani Vietnam, lilivuma kwa watalii, wakamulika kamera vijana waliotaka faragha. Hilo linaniuma. Ila desturi ya baadhi yao ya kumburuta msichana kwa nguvu akaolewe ni dhuluma, na wanawake wa Kihmong wenyewe wanaipinga. Tusiwanyamazishe kwa kisingizio cha kutetea mila.