Alikuwa wapi ile miaka minne

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, ya pili mama yako akiwa pembeni ananicheka. Unauliza: kama mieleka ni mambo ya kupangwa, yule mwanamieleka wa Marekani Shawn Michaels aliumiaje mpaka akakaa miaka minne nje ya ulingo? Na kwa nini mimi niliyekuwa namzomea, leo ukimgusa tu nawaka?

Kuzomea nilizomea. Tukitoka zamu bandarini tulikuwa tunapitia banda la video, tunalipa kiingilio, tunabanana kwenye mabenchi. Kanda zilikuwa zinatufikia zimechelewa miezi, picha zina michirizi, lakini nani alijali? Banda zima lilikuwa upande wa mwanamieleka mwingine, Steve Austin. Michaels alikuwa fundi, hilo hatukubisha. Machi 1996 alimshinda Bret Hart baada ya kupigana zaidi ya saa nzima. Ila alikuwa na maringo ya kuudhi. Februari 1997 alivua mkanda wa ubingwa mwenyewe, machozi yanamlengalenga, akasema goti limeharibika na amepoteza tabasamu lake. Banda likaangua kicheko. Miezi michache tu, huyo yuko ulingoni anaruka kama kawaida. Novemba, kule Montreal, akashirikiana na wakubwa wa kampuni ya mieleka kumpokonya Bret Hart mkanda kwa hila, kisha akaapa hajui lolote. Miaka ikapita ndipo akakiri.

Kwa hiyo alipoumia kweli, nani angemwamini?

Ilikuwa Januari 1998, San Jose, pambano la jeneza na Undertaker. Unamtia mwenzako ndani, unafunga kifuniko, umeshinda. Katikati ya pambano Michaels anarushwa juu ya kamba kwenda nje, na akishuka, chini ya kiuno panagonga ukingo wa jeneza. Rudisha video uangalie vizuri, maana ukipepesa jicho imekupita. Hakuna kishindo wala damu. Anajishika mgongo, anaendelea, na kwa jinsi walivyopanga anashinda. Kumbe gegedu mbili kati ya pingili za mgongo zimechomoza na ya tatu imepondeka.

Swali lako la kwanza jibu lake ni hilo. Wanachopanga ni nani atashinda. Lakini mtu mzima anayeanguka kutoka juu anaanguka kweli, na siku ile angeshuka upana wa kiganja tu kando ya ule ukingo, nisingekuwa nakuandikia haya.

Tarehe 29 Machi, Boston, akapanda ulingoni na mgongo huohuo kumkabidhi Austin ubingwa, Mike Tyson akiwa mwamuzi wa ziada. Iangalie ile mechi sasa ukiwa unajua. Anainama polepole, mkono kiunoni, kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Sisi tulidhani anaigiza. Tyson akahesabu mpaka tatu, banda likalipuka kwa shangwe, nami nikiwa wa kwanza kusimama juu ya benchi. Michaels alikuwa na miaka 32.

Halafu akapotea. Alionekana mara mojamoja na suti yake, anatangaza hiki na kile, lakini hapigani. Alikuwa kwao San Antonio. Mwaka 1999 madaktari walimuunganisha pingili za mgongo, akaoa, akafungua shule ya mieleka. Mwanamieleka Bryan Danielson alianzia pale. Ukisoma hivyo utasema mambo yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa vidonge. Dawa za maumivu na za kulegeza misuli, na pombe juu yake, alivizoea tangu enzi za kusafiri kila wiki, na mgongo ukampa sababu ya kuendelea. Mwenyewe ameeleza kilichomshtua: mwanawe mdogo, wa miaka kama miwili, akimkuta kalala kwenye kochi, hajiwezi. Mwaka 2002 akaokoka, akaachana navyo.

Unakumbuka mimi nilipoangukiwa na gunia? Huwezi kukumbuka, ulikuwa na miaka mitatu. Nililala mkekani wiki nyingi, na vidonge nikawa nanunua duka la dawa bila cheti, mara viwili, mara vinne. Mama yako anasema ulikuwa unakuja kunifunika uso na kanga yake, unaambia watu "baba hayupo". Mimi sikumbuki hata mara moja.

Ndiyo maana Agosti 2002 aliporudi kupigana na Triple H, mimi sikuzomea. Ilisemekana ni pambano moja tu la kuaga vizuri. Triple H akampiga kiti mgongoni mara kwa mara, palepale kwenye kidonda, nami nikawa nimeshika kiuno changu. Baadaye Michaels, akiwa chali, akajifyatua akasimama wima bila kushika chini. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Pambano hilo moja likazaa miaka minane, na kwangu mimi hiyo minane ni bora kuliko yote ya nyuma. Michaels yule wa kwanza alikuwa anajionyesha. Huyu wa pili alikuwa anakufanya umuonee huruma hata mpinzani wake. Angalia Houston, Aprili 2009, dhidi ya Undertaker yuleyule wa jeneza. Wengi wanasema halijapata kutokea pambano kama lile. Mwaka uliofuata, Januari, alikumbatiana na Bret Hart ulingoni. Machi, kule Arizona, Undertaker akamshinda, na Michaels akastaafu.

Novemba 2018 walimrudisha kwa usiku mmoja, Riyadh, kichwa kimenyolewa, miaka 53. Hilo niliangalia nusu nikazima simu, nikamwambia mama yako bando limekwisha.

Baba yako