Dawa Kila Miezi Miwili, na Bado Farasi Amekonda

SWALI: Daktari habari yako, mimi nachunga farasi wanne huku Njoro na kila miezi miwili nawapa dawa ya minyoo bila kukosa, lakini jike mmoja mbavu zinahesabika, manyoya yamekauka na anajisugua mkia kwa nguzo mpaka nywele zimeisha. Mwenye farasi anataka tubadilishe dawa, na kwa agroveti nimeambiwa hata sindano ya ivermectin ya ng'ombe itafanya. Nifuate gani?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo sindano usimdunge tafadhali. Farasi hupewa ivermectin ya mdomoni, ile ya ng'ombe inaweza kumvimbisha vibaya sana pale ulipodunga hata umpoteze.

Mambo ya kila miezi miwili yalianza miaka ya 1960 kwa sababu ya mnyoo mkubwa unaoharibu mishipa ya damu ya matumbo, na kweli yalisaidia, lakini kupiga dawa hivyo miaka nenda miaka rudi kumefanya minyoo midogo izizoee, sasa ukibadilisha tu chupa bila kupima unabahatisha. Chukua kinyesi kikiwa bado moto, cha kila farasi kivyake, geuza glavu uifunge, kiweke mahali pa baridi upeleke maabara ya mifugo hapo Nakuru siku hiyo hiyo wahesabu mayai. Farasi aliyekomaa akiwa chini ya mayai 200 kwa gramu mara nyingi huachwa bila dawa, maana kwa kawaida ni kama mmoja kwa watano ndiye anamwaga mayai mengi kwa malisho. Ukimpa dawa, pima tena baada ya siku 14 uone kama imeshika.

Mkia ni kesi nyingine. Mnyoo wa hapo hutaga nje ya mkundu, kwa hivyo kwa kinyesi mayai yake hayaonekani sana, bandika selotepu chini ya mkia asubuhi uipeleke nayo.

Lakini mzizi uko kwa nyasi. Vibuu, yaani minyoo michanga inayoanguliwa kwa mavi, hupanda majani na umande, farasi akila wanaingia. Okota mavi mara mbili kwa wiki, usimwage mabichi kwa malisho, yarundike yapate moto, na farasi wakitoka ingiza ng'ombe, wanakula vibuu na vibuu wengi hufia tumboni mwao.

Mkague meno pia, meno mabovu hukondesha. Na akianza kuhara au kuvimba chini ya tumbo usingoje majibu ya maabara, ita daktari siku hiyo.