Vali Bandia, Warfarini na Jino Lililoniponza

Nilipowekewa vali bandia ya moyo mahali pa vali ya mitrali (mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), niliambiwa kwamba warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, itakuwa dawa yangu ya maisha, nami nikadhani kazi yangu ni kumeza vidonge kila jioni basi. Sikuelewa kwamba kinachotulinda si idadi ya vidonge bali INR, yaani kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa vali kama yangu (wengi huiita ya chuma, ijapokuwa vibawa vyake ni vya kaboni ngumu) madaktari hulenga 3.0, baina ya 2.5 na 3.5. Wenye vali bandia ya aota (mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni) mara nyingi hulengewa 2.5, kwa kuwa pale damu hupita kwa kasi na haipati nafasi ya kutuama. INR ikishuka, bonge la damu huweza kuikwamisha vali, au likachomoka na kwenda ubongoni, na hicho ndicho kiharusi.

Mimi niliponzwa na jino. Nilipewa antibiotiki ya metronidazoli bila kuulizwa natumia dawa gani, nami sikusema. Siku ya tano niliamka nikakuta foronya ina madoa ya damu iliyotoka kwenye fizi, na INR imefika 6.8. Tangu hapo, yeyote anayetaka kuniandikia dawa namtajia warfarini kabla hajashika kalamu, na nikianza antibiotiki huomba nipimwe ndani ya siku chache. Rifampisini, antibiotiki ya kifua kikuu, hufanya kinyume, huiteremsha INR. Ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoongeza hatari ya kuvuja damu, siigusi.

Mboga za majani, zenye vitamini K nyingi inayosaidia damu kuganda, sikuziacha. Nazila kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana kinachovuruga kipimo ni kubadilika ghafla. Nikisahau dozi, sifidii kesho yake kwa kumeza maradufu.

Wapo wanaonishauri nihamie dawa mpya ambazo mtumiaji hahitaji kupimwa INR. Utafiti wa dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, kwa wenye vali za namna hii, uliochapishwa mwaka 2013, ulisitishwa mapema kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge na kuvuja damu zaidi kuliko waliobaki na warfarini.

Usiku kukiwa kimya naisikia vali yangu ikigonga kama saa ya mkononi. Mlio huo ukififia, pumzi ikibana au mkono ukifa ganzi ghafla, sisubiri kupambazuke ndipo niende hospitali.